Aliyesahihisha Ukurasa wa Mbah Wuryani

Uongo mkubwa wa Mbah Wuryani, bibi mtunga hadithi, ulikuwa wa siku moja tu. Alizaliwa Jumanne, akasema Jumatano. Uongo mwingine wote, wa vyura wanaoposa na nyati wanaovaa miwani, aliuandika vitabuni, akalipwa, na watoto wa Java wakalala nao kifuani. Huu wa siku moja hakulipwa hata ndururu. Lakini ndio alioulinda miaka sabini, kama kuku anayeatamia yai viza na kumdonoa kila anayesogea.

Zama hizi za simu zikamwongezea kazi. Mtandaoni kulikuwa na ukurasa wa maisha yake, katika ile kamusi kubwa ambayo yeyote anaweza kuingia akaandika, na mwingine akaingia akafuta. Ukurasa ulisema alizaliwa Kedungsari, Purworejo, tarehe 13 Machi 1946. Vizuri sana. Asubuhi moja aliufungua akakuta 13 imekuwa 12. Alivaa miwani, akajifundisha kwa kidole kimoja namna ya kusahihisha, akairudisha 13. Wiki kadhaa baadaye, 12. Akairudisha. 12 tena! Mwaka wa tatu huo, na kila mara huyo mtu asiyeonekana alikuwa akiongeza na sentensi moja mpya, na Mbah akiifuta kabla chai haijapoa.

Alimshuku Bu Ngatinah, mama wa nyumba ya tatu, ambaye hakusalimiana naye tangu shindano la mapishi la mwaka 1988. Lakini Ngatinah hata redio alikuwa akiwashiwa.

Basi siku moja alikuja Palupi. Palupi alikuwa mwanamke wa miaka thelathini hivi, miwani mikubwa kuliko uso, na kazi yake katika nyumba ya uchapishaji kule Yogyakarta ilikuwa kuhakikisha kwamba kilichoandikwa ndicho kilichokuwa. Walikuwa wanakichapa upya kitabu cha Mbah kilichovuma kuliko vyote, *Kizee wa Jalalani*, nakala elfu arobaini kwa shule za msingi za mkoa mzima. Mwishoni mwa kitabu yangewekwa maisha ya mwandishi. Mbah asome, akubali, aweke sahihi. Bila sahihi hakuna kitabu, na mashine inaanza kesho asubuhi.

Na Mbah alikitaka kitabu hicho. Alikuwa na miaka sabini na tisa. Miaka ishirini hakuna duka lililouza hata kurasa zake mbili, na watoto wa siku hizi wakipita mbele ya nyumba yake walimwita bibi wa maembe.

"Samahani Mbah, nimechelewa. Barabara imejaa maji."

"Maji hayajawahi kumzuia mtu aliyeitiwa chakula. Kaa, Nduk, binti yangu. Mbona umekonda? Huko mjini wanawalisha karatasi?"

Palupi akacheka, akakaa barazani, akapewa glasi ya dawet nyeusi, kinywaji cha tui na sukari guru, na clorot tatu, keki tamu zilizofungwa kwenye makuti yake. Mvua ilikuwa imekatika. Upande wa nyuma, kichaka cha mianzi kilikuwa kinadondosha matone yake polepole.

"Nitasoma kila mstari kwa sauti," Palupi akasema, akitoa karatasi. "Ukiwa kweli, unasema kweli, natia alama. Tumekuwa wakali, Mbah. Mwaka jana tulichapa kwamba mwandishi fulani ni marehemu. Akatupigia simu mwenyewe."

"Akasemaje?"

"Akauliza mazishi ni saa ngapi."

Mbah akacheka mpaka dawet ikampalia. Alimpenda msichana huyu, na hilo likamtia wasiwasi, maana mtu unayempenda ni taabu kumdanganya vizuri.

"Wuryani ni mwandishi wa vitabu vya watoto."

"Kweli."

"Alizaliwa Kedungsari, mtoto wa mwalimu Sastrodimejo."

"Kweli, Mungu amrehemu."

"Tarehe kumi na tatu Machi, mwaka elfu moja mia tisa arobaini na sita, siku ya Jumatano Wage."

Shwaa.

Nyuma ya mianzi, ufagio wa chelewa ulipiga mpigo mmoja juu ya udongo. Palupi aligeuza kichwa.

"Una jirani huko nyuma?"

"Upepo," akasema Mbah. "Kweli. Tia alama."

Hapakuwa na upepo, wala jirani. Nyuma ya ile mianzi hapakuwa na nyumba tangu mwaka 1955, na Mbah alilijua hilo kuliko mtu yeyote aliye hai. Ufagio huo aliusikia siku moja katika kila siku thelathini na tano, na siku hiyo ilipofika alikuwa akifungulia redio kwa sauti ya kuwatoa panya darini. Leo, kwa ajili ya mgeni, hakuifungua.

"Kizee wa Jalalani," Palupi akaendelea, "alitokana na jirani katili ambaye mwandishi alimwogopa utotoni, na ambaye aliwahi kumchukua jaani akiwa mchanga ili amle."

Shwaa. Shwaa. Shwaa.

Safari hii Palupi aliweka glasi chini.

"Mbah, huo si upepo."

"Basi ni kuku. Kweli. Mstari unaofuata."

Palupi hakusoma unaofuata. Alitoa karatasi nyingine mkobani, akazipanga juu ya meza.

"Nimechapa na orodha ya watu waliobadilisha ukurasa wako. Ni wawili tu wanaopigana. Wa kwanza anajiita BintiWaNyati."

"Mtu hana adabu huyo!"

"Amejiandikisha kwa picha yako, Mbah. Umevaa kanga ya kijani, na Bu Ngatinah amekatwa kichwa pembeni."

Mbah akala clorot. Mdomo ukijaa hausemi, na alihitaji dakika ya kutosema.

"Wa pili hana jina, hana picha, hana chochote," Palupi akasema. Sauti yake ilikuwa imeshuka. "Nilidhani ni mtoto anachezea simu. Halafu nikahesabu tarehe zake. Kati ya moja na inayofuata ni siku thelathini na tano. Kila mara, Mbah, hakukosa hata mara moja. Mimi ni mtoto wa Klaten, Mjava kama wewe, sihitaji kuelezwa: siku saba za wiki mara siku tano za soko. Hiyo ni siku ya kuzaliwa ya mtu inayozunguka na kurudi. Nikatazama kalenda ya kwetu. Kila mara ilikuwa Jumanne Pon."

"Watu wengi wamezaliwa Jumanne Pon."

"Babako mmoja wao. Umeandika mwenyewe mbele ya kitabu: kwa Bapak, mtu wa Jumanne Pon." Palupi akavua miwani, akaifuta kwa nguo, akaivaa tena. "Kwa desturi yetu mtoto anatupwa jaani kama siku yake na ya mzazi wake ni moja, ili zisigombane. Anatupwa, jirani anamwokota, anarudishwa nyumbani kama mtoto wa jirani, basi, amepona. Kwetu walimtupa binamu yangu hivyohivyo. Lakini wewe, Mbah, ukiwa wa Jumatano Wage, walikutupa kwa nini?"

"Labda nilikuwa na sura mbaya."

Palupi hakucheka. Nyuma ya mianzi ufagio ulikuwa umeanza tena, sasa hauna haraka, mpigo baada ya mpigo, kama mtu anayefagia akisikiliza maongezi ya watu.

"Nisomee alichoandika," Mbah akasema mwishoni. "Huyo asiye na jina. Nilikuwa nikifuta bila kusoma hadi mwisho."

Huo nao ulikuwa uongo, lakini mdogo. Palupi alisoma.

"Alizaliwa Jumanne Pon, tarehe kumi na mbili. Alitupwa jaani siku ya tano, ndani ya ungo. Aliokotwa na Rebi, mjane, akiwa na ufagio wa chelewa mkononi. Tangu hapo, siku yake ikizunguka, alitumwa kwa Rebi na bakuli la uji, nusu mwekundu, nusu mweupe. Mara tatu za mwisho bakuli halikufika."

Kimya. Hata mianzi iliacha kudondosha maji. Palupi alipokuwa akisoma maneno hayo, ufagio haukupiga hata mpigo mmoja.

"Unaona," akanong'ona. "Nikisoma uongo unafagia. Nikisoma kweli unanyamaza." Alikuwa mweupe kama tui, lakini kazi ni kazi, na mtu wa kuhakikisha ataihakikisha hata jehanamu. Akasema kwa sauti, akiangalia mianzi: "Tarehe kumi na tatu."

Shwaa.

"Tarehe kumi na mbili."

Kimya.

"Acha, Nduk," akasema Mbah Wuryani. "Usimchokoze. Ni mtu mzima."

Kisha akaeleza, akiwa anaangalia glasi na si uso wa mgeni.

Rebi alikuwa mjane asiye na mtoto. Siku Wuryani alipotupwa, Rebi ndiye aliyeambiwa apite jaani na ufagio wake, ashtuke kama desturi inavyotaka, aseme, haya, nani katupa kitu kizuri hivi? Wengine wakiigiza hilo husahau kesho yake. Rebi hakusahau. Alimwita mwanangu, na Wuryani akamwita Mbok, mama. Kila siku thelathini na tano alikuwa anakaa mlangoni mwake kusubiri bakuli, na bakuli halikurudi tupu hata mara moja. Kwao kurudisha chombo cha mtu kikiwa kitupu ni sawa na kumtemea mate. Rebi hakuwa na kitu, kwa hiyo alitia pilipili kichaa tano. Tano kila mara, zimeoshwa.

"Nilikuwa na miaka tisa," Mbah akasema. "Mwaka wa njaa, sukari guru haionekani. Ule uji, Nduk, ulikuwa unanukia kama Idi yenyewe. Nikaingia nyuma ya mianzi nikaula. Nikalamba bakuli, nikalirudisha nyumbani."

"Tupu," akasema Palupi.

"Tupu. Mama akaliangalia. Hakuuliza. Akasema tu, Rebi siku hizi amekuwa mtu mkubwa, hata pilipili moja hakuweka. Mara ya pili, tupu tena. Mama akasema, basi, kama ametuchoka na sisi tumemchoka. Akaacha kwenda kwake, ila uji wa desturi tu akaendelea kunituma nao. Majirani nao wakasikia, wakaacha. Nani ataenda kwa mwanamke anayerudisha bakuli tupu? Na kumbe Rebi yuko ndani na homa, hainuki."

Kwa mara ya kwanza siku hiyo hakutafuta mzaha wa kutia hapo.

"Mara ya tatu nilikuwa nimeshachutama, kidole kiko kwenye uji. Nikamsikia kupitia ukuta wa mianzi wa nyumba yake. Sauti ndogo. Nduk, leo si siku yako? Nikamjibu, siyo, Mbok. Ni kesho."

"Jumatano," akasema Palupi polepole.

"Jumatano. Akasema, aa, nimepoteza hesabu, basi nitasubiri kesho. Kesho sikwenda. Jumamosi mkata majani ndiye aliyemkuta." Mbah akavuta pua. "Basi ningefanya nini, mtoto wa miaka tisa? Nikazaliwa Jumatano. Nikiwa wa Jumatano, sikumdanganya, siyo? Na nilipokua nikamfanya kizee mla watoto. Mwanamke mbaya akifa peke yake, hamna anayeuliza nani alikula uji wake."

Palupi alichukua simu yake. Aliufungua ukurasa, labda kwa sababu hakujua afanye nini kingine, kisha akaigeuza simu ili Mbah aone. Chini ya zile sentensi zilizofutwa na kurudishwa palikuwa na moja mpya. Saa yake ilikuwa ya sasa hivi, ya dakika walizokuwa wanaongea.

*Leo ni siku yake.*

Mbah aliangalia kalenda ukutani, ile ya duka la mbolea yenye siku za soko. Alikuwa amejua tangu asubuhi. Jumanne Pon.

Alisimama, magoti yakilia. "Unajua kukuna nazi, au mjini mnanunua tui la mkebe?"

"La mkebe, Mbah."

"Nilijua. Njoo ujifunze."

Walipika. Mchele uliiva mpaka ukawa uji mzito. Nusu ikatiwa tui na chumvi, nusu sukari guru na jani la pandani, na jiko zima likanukia mwaka 1955. Mbah hakuonja hata kwa ncha ya kijiko, na yeye ni mtu ambaye huonja hata chakula cha paka. Kisha akateremsha kutoka juu ya kabati bakuli la bati lenye maua ya bluu, limebanduka rangi ukingoni. Palupi hakuuliza kama ndilo lile. Mambo mengine hayahitaji kuhakikishwa.

Walizunguka mianzi. Ardhi yote huko ilikuwa imefunikwa na majani yaliyolowa, miaka na miaka ya majani. Lakini katikati palikuwa na mahali pa ukubwa wa chumba kimoja, pamefagiwa mpaka udongo unang'aa, na michirizi ya chelewa imepangwa vizuri kutoka ukutani, kama pangekuwa na ukuta, mpaka mlangoni, kama pangekuwa na mlango. Hakukuwa na nyayo zozote.

Mbah aliweka bakuli pale mlangoni. Alichutama kama mtoto anavyochutama mbele ya mkubwa.

"Mbok," akasema. "Ni mimi, Wuryani wako. Leo ni siku yangu. Nilikuambia kesho. Ni leo, Mbok."

Hakuna kilichojibu. Wakarudi barazani, maana si adabu kumtazama mtu akila. Ng'ombe alilia mbali. Jua likatoka kidogo kati ya mawingu, likamulika meza, na Palupi akagundua kuwa tangu wakae alikuwa ameshika kalamu kama mtu anayeshika kisu.

"Mbah, lazima nikwambie kitu," akasema. "Nikiandika tarehe kumi na mbili, siwezi kuacha mengine. Itabidi jambo la jirani katili liondoke, na kweli iingie. Walimu watasoma. Huenda wakasema, hatutaki kitabu cha mtu wa namna hii mikononi mwa watoto. Huenda wakazirudisha zote elfu arobaini."

"Huenda."

"Ukiacha kumi na tatu, mimi natia alama, naenda zangu. Hakuna atakayejua."

"Yeye atajua," akasema Mbah. "Na siku thelathini na tano zijazo atasahihisha tena. Hajawahi kuchoka, yule mama. Mimi ndiye ninayechoka."

Akainuka akaenda kulichukua bakuli.

Lilikuwa pale pale. Halikuwa na uji. Lilikuwa limeoshwa, matone ya maji bado yanateleza pembeni, na ndani yake mlikuwa na pilipili kichaa tano, nyekundu, vikonyo vibichi kabisa. Hapakuwa na mpilipili sehemu hiyo. Hapakuwa na chochote sehemu hiyo isipokuwa mianzi.

Mbah alirudi amelikumbatia kwa mikono miwili. Palupi alitazama ndani, akarudi nyuma na kiti chake.

"Hii... hii nayo niandike?"

"Ukiandika hii watakufukuza kazi." Mbah aliweka bakuli juu ya orodha ya waliobadilisha ukurasa, ili isipeperuke. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini mdomo ulikuwa umeshaanza kujikunja upande, jinsi ulivyozoea. "Miaka sabini, na bado tano zilezile. Mchoyo kweli, Mbok wangu. Haya, chukua kalamu. Andika ninavyokwambia."

Palupi akaandika. Kwamba alizaliwa Jumanne Pon, tarehe kumi na mbili. Kwamba aliokotwa jaani na mjane aliyeitwa Rebi, aliyemwita mwanangu. Kwamba kizee wa kitabuni hakumla mtoto yeyote. Mtoto ndiye aliyekula uji wa kizee, akasema uongo, na Rebi akafa peke yake akisubiri. Mbah alisema maneno hayo moja moja, bila pambo, yeye ambaye hakuwahi kumwacha chura apite bila kumvalisha kofia. Kisha akaweka sahihi yake chini, kubwa, imepinda.

"Sasa soma," akasema. "Tangu juu. Kwa sauti, asikie vizuri."

Palupi alikohoa kidogo, akaangalia upande wa mianzi, akaanza mstari wa kwanza. Alisoma mpaka wa mwisho, na hakuna aliyemkatiza.